Pae ya Mama

Jumba la Sanaa la Cheongpo, katika mji wa Pusan, limetamka rasmi, baada ya kamati ya wataalamu kukaa, kuahirisha na kukaa tena, kwamba picha ya marehemu Mwalimu Sok Tae-mun ambayo mwenyewe aliipa jina la Pae inaonyesha meli. Tena si meli yoyote tu. Ni ile iliyomleta mchoraji kusini alipoikimbia vita, na duara lile kubwa la rangi ya hudhurungi si kingine ila ubavu wa chombo, kama unavyoonekana na mkimbizi mwenye machozi machoni. Tamko lilimalizia kwa kusema kwamba, kwa uamuzi huu, suala limefungwa.

Suala lilikuwa wazi kwa sababu ya lugha. Kikorea kina ukarimu wa maneno mahali pengi, lakini hapa kilibana matumizi: meli ni pae, tumbo ni pae, na tunda la peari, ambalo kule huwa la duara na la hudhurungi, nalo ni pae. Kwa kawaida hili halimsumbui mtu. Anayelalamika kwamba pae inamuuma hapelekwi bandarini. Lakini mchoraji anapoandika neno hilo moja kwa penseli nyuma ya kadibodi, kisha akafa bila kuongeza la pili, huwa amewaachia walio hai kazi.

Tamko lilitoka gazetini Jumatatu. Kabla supu ya asubuhi haijapoa, Bi Tak Pilsun alimpigia simu mdogo wake, Bi Tak Malja, anayeishi ng'ambo ya pili ya mji.

"Wamesema meli," Pilsun alisema, salamu akaziacha.

"Nani wamesema?"

"Jumba. Mimi sikushinda, wewe hukushinda. Tumeshindwa na wasomi."

"Meli ya nani, dada?"

"Ya mchoraji."

"Na sisi je?"

"Sisi hatumo. Suala limefungwa. Wameandika hivyo, kwa herufi nene."

Malja akavuta ndoo ya kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa, akaikalia. Keshokutwa ilikuwa siku ya tambiko la mama yao.

Mwanamke wa miaka sabini na ushei hakalii ndoo kwa sababu ya kadibodi bila kuwa na historia, na historia yenyewe ilianzia mlimani, katika vile vibanda vya wakimbizi vilivyokuwa vimebebana kama viatu mlangoni pa msiba. Baba yao alitaka mvulana. Alipozaliwa msichana wa kwanza akamwita Pilsun, jina ambalo kwa aliyekuwa anatuma ujumbe mbinguni lilimaanisha "hawa basi, wametosha". Mbingu hazikujibu. Vita ikaja, familia ikashuka kutoka Wonsan, kaskazini, na mama akashika mimba tena. Baba alichukuliwa jeshini kabla ya mtoto kuzaliwa, akaacha agizo: akiwa msichana, aitwe Malja, yaani wa mwisho, labda safari hii wataelewa. Alikuwa msichana. Na kwa kuwa baba hakurudi, Malja akawa wa mwisho kweli, ingawa si kwa njia iliyokusudiwa.

Nyuma ya pazia katika kibanda hichohicho aliishi mpangaji. Aliitwa Mwalimu Sok, ijapokuwa hakuwa amemfundisha mtu chochote. Alikuwa na miwani, na mlimani pale miwani ilitosha. Alichora juu ya kila kilicholala bapa: mifuko ya saruji, karatasi za sigara, makasha ya maziwa ya unga ya Wamarekani. Baadhi ya picha hizo alimpa mama yao kwa shukrani, na mama, kwa shukrani vilevile, aliwashia moto. Jumba la Sanaa halijui habari hii, na hakuna haja ya kumtia mtu presha.

Vita ilipotulia Mwalimu Sok akaondoka, akaenda kuwa maarufu. Kibanda kikaungua, maana Pusan ya siku zile ilikuwa na tabia ya kuungua, na picha pekee ya mama yao, ile ndogo ya kitambulisho, ikaungua nacho. Miaka michache baadaye mama mwenyewe akafa kwa mapafu. Pilsun alikuwa mkubwa wa kutosha kuukumbuka uso wake. Malja alikuwa na miaka tisa, akajitahidi kuukumbuka, akajitahidi mno, mpaka siku moja akagundua kwamba uso anaoukumbuka ni wa muuza tofu wa mtaani.

Kilichobaki wazi kichwani mwake ni sentensi moja. Mama alikuwa anafua, akawa anacheka mpaka anakohoa, akasema: "Yule Mwalimu jamani, aliichora pae yangu."

Dada hawa wawili waliigombania sentensi hiyo maisha yao yote. Malja alibandika soli kwa gundi katika kiwanda cha viatu tangu akiwa na miaka kumi na mitano mpaka kiwanda kilipohamia nchi ambako mishahara ilikuwa bado haijapata mawazo ya kupanda. Akaolewa na Bwana Ku, dereva wa winchi bandarini, mtu mpole aliyezoea kutazama watu kutoka juu kwa hiyo hakugombana na yeyote. Akazaa wawili, wakahamia Seoul. Akafungua kibanda cha tambi, akakifunga. Akamzika Bwana Ku. Katika muda wote huo alishikilia kwamba pae yangu ni tumbo langu, na tumbo hilo lilikuwa na yeye ndani. Pilsun, aliyeshona mapazia na kuzaa mtoto mmoja tu aitwaye Giuk, alishikilia kwamba pae yangu ni peari yangu, na kwamba hakuna mwanamume mwenye adabu anayechora tumbo la mke wa mtu.

"Wewe ulikuwepo?" alikuwa akiuliza Pilsun.

"Nilikuwepo kuliko wewe! Nilikuwa ndani!"

"Ndani huoni kitu."

Ungekuwa ubishi wa kupitishia wakati, kama kucheza karata, lau si meza ya tambiko. Kila mwaka Pilsun, kwa kuwa ndiye mkubwa, huandaa meza: wali, supu, samaki uso ukielekea mashariki, lozi, tende za kichina, parachichi hapana, tunda la persimoni ndiyo, na peari. Nyuma kabisa, pale ambapo familia nyingine husimamisha picha ya marehemu, wao husimamisha karatasi yenye jina. Malja alikuwa ameiinamia karatasi hiyo tangu utotoni, na kadiri magoti yalivyozidi kulalamika ndivyo alivyozidi kuona kwamba karatasi haimtoshi. Kwa hiyo picha ilipojitokeza mwaka huu, kutoka kwenye dari ya nyumba ya tajiri mmoja, ikatangazwa kuwemo katika onyesho kuu la maisha yote ya Mwalimu Sok, Malja alipiga simu akiwa amekosa pumzi.

"Dada, tupate nakala yake. Tumweke mama mezani."

"Peari iko mezani tayari," Pilsun alijibu. "Ya pili ya nini?"

"Ni tumbo."

"Hata kama ni tumbo. Tumbo halina uso. Watu wainamie tumbo?"

"Uso unaujua wewe. Mimi upande niliouzoea ni ule."

Pilsun akasema jambo ambalo wote wawili waliliona la busara wakati huo: waachie Jumba liamue. Likisema tumbo, mama atakaa mezani. Likisema peari, Malja ataufunga mdomo mpaka kaburini. Hakuna aliyefikiria meli. Walikuwa wanaishi Pusan, wanaziona meli kila siku dirishani, na bado hakuna aliyezifikiria.

Jumanne walikutana kituoni. Treni ni bure kwa wazee, na Jumba ni bure kwa wazee, jambo linaloifanya sanaa ya Pusan iwe na watazamaji wengi wenye uzoefu na wachache wenye magoti. Pilsun alivaa kofia ya zambarau. Malja alivaa viatu vyake vizuri.

"Unaenda kugombana na Jumba ukiwa umejipodoa?" Pilsun aliuliza.

"Kwani wewe kofia hiyo ni ya nini?"

"Jua."

"Tunapita chini ya ardhi, dada."

Mlangoni pa ukumbi wa tatu alisimama mwanamke kijana mwenye nywele fupi na kadi kifuani: Daktari Yeom Ji-an, msimamizi wa onyesho. Alikuwa na uso wa mtu ambaye amelala kidogo na kufurahi sana.

"Karibuni, bibi zangu. Niwasaidie?"

"Tumekuja kwa ajili ya tumbo," Malja alisema.

"Choo kiko kushoto, bibi, baada ya ngazi."

Pilsun akacheka mpaka kofia ikateleza. Ilibidi yaelezwe yote kuanzia mwanzo: kibanda, pazia, Mwalimu, kufua, sentensi. Daktari Yeom alisikiliza bila kupepesa. Aliomba aisikie sentensi mara ya pili.

"'Aliichora pae yangu,'" alirudia polepole. "Samahani kwa kuuliza, bibi, lakini lazima niulize. Mama yenu hakuwa na meli?"

"Mwanangu," alisema Malja, "mama yetu hakuwa na sufuria."

"Hapana, naelewa. Nimeuliza kwa sababu kamati ingeniuliza." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mimi kwenye kura nilisema peari."

"Umemwona!" Pilsun akamshika mkono. "Mtoto ana akili huyu. Umeolewa?"

"Dada!"

"Nauliza tu. Giuk ana rafiki."

"Lakini mimi ni mmoja," alisema Daktari Yeom, akiuacha mkono wake ushikwe. "Mwenyekiti anapenda sana meli. Kitabu cha onyesho kimeshachapwa, vibandiko vimeshabandikwa. Kubadili siwezi. Ila kuwapeleka mkaione, naweza. Tena nitawaletea viti."

Malja hakuwa amekuja kuangalia. Alikuwa amekuja kupewa jibu, na jibu lilikwisha kuchapwa. Keshokutwa ilikuwa kesho sasa. Akamfuata yule kijana kwa sababu viti vilikuwa vimeahidiwa.

Ilikuwa ndogo kuliko ilivyoonekana gazetini. Kadibodi ya kasha la maziwa, pembe moja imeng'atwa na panya au na wakati, na juu yake lile duara, zito, limeelemea upande mmoja, rangi ya udongo uliopigwa jua. Juu yake kulikuwa na kimstari kimoja cheusi. Kibandiko kilisema ni bomba la moshi. Pilsun kwa miaka yote angesema ni kikonyo. Malja aliona fundo la sketi, maana mwenye mimba hulifungia juu, chini ya kifua, na kamba hubaki imening'inia hivyohivyo.

Kikundi cha wanafunzi kilipita. Mwalimu wao akawaambia waone jinsi mawimbi yalivyoachwa nje ya picha ili yahisiwe. Wanafunzi wakayahisi, wakaenda ukumbi wa nne.

Malja akangoja dada yake aseme kikonyo. Hakusema. Pilsun alikuwa amevua kofia, ameiweka magotini, anaitazama kadibodi kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyowahi kufukuzwa.

"Ilikuwa kubwa hivi," alisema mwishowe, akionyesha kwa mikono kitu kama kichwa cha mtoto mchanga. "Mwalimu aliileta. Peari. Aliitoa wapi hakuna aliyemuuliza, siku zile haikuwa adabu kuuliza. Akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakaa na kasha lake, akaanza kuchora. Mimi nikakaa pembeni nikiinusa. Nilijua akimaliza kuchora tutakula. Siku ya kwanza nainusa, siku ya pili nainusa. Nilikuwa naota na harufu yake."

"Kwa hiyo ni peari," alisema Malja, kwa sauti ndogo sana.

"Subiri. Nyuma ya ndoo alikaa mama, anashona. Na wewe uko hapo, umejaza sketi yote. Asubuhi ya tatu naamka, mama anakula."

"Peari?"

"Yote! Na ganda lake. Amefumba macho, maji yanamtiririka kidevuni. Alikuwa na uchu wa mimba, naelewa, nami baadaye nilizaa. Lakini nilikuwa na miaka sita, sikuelewa kitu. Nilipewa kitovu cha tunda. Nikanyonya mbegu, Malja. Mbegu."

Daktari Yeom, aliyekuwa amesimama nyuma yao na kiti cha tatu mkononi, alisahau kukiweka chini.

"Na Mwalimu?" Malja aliuliza. "Alikasirika?"

"Hata. Alicheka." Pilsun akakunjakunja ukingo wa kofia. "Akasogeza ile ndoo kwa mguu, akaendelea kuchora."

Malja aligeuka polepole, kiti kikalia.

"Akaendelea kuchora nini, dada?"

"Unajua."

"Peari imekwisha kuliwa. Ndoo imesogezwa. Akaendelea kuchora nini?"

"Nimesema unajua! Ulikuwemo!"

"Miaka yote hii!" Malja alikuwa amesimama sasa, na mlinzi wa ukumbi akatikisa kichwa kuomba utulivu, akaona ni wazee, akajifanya anatazama dari. "Miaka yote hii umenibishia na ulijua!"

"Nilikuwa na njaa, sikuwa kipofu."

"Kwa nini basi?"

Pilsun aliivaa kofia yake, akaipindua vibaya, akaiacha hivyo.

"Ulinilia peari yangu hata kuzaliwa hujazaliwa," alisema. "Nikaona angalau picha ibaki yangu."

Malja alikuwa amejiandaa kwa hoja nyingi, lakini si hiyo. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa tumbo zima, akakaa tena. Na Pilsun, aliyekuwa amepanga kununa mpaka kituo cha treni, akamfuata. Walicheka wakakohoa. Daktari Yeom hatimaye aliweka kile kiti chini, akakikalia yeye.

"Mama alikuwa anacheka hivyo," Pilsun alisema akijifuta macho. "Hivyohivyo unavyocheka. Ukifika mwisho unakohoa."

"Kweli?"

"Na meno yako ni yake. Uso mwingine umechukua kwa baba, pole."

Dukani, karibu na njia ya kutokea, waliuza kadi za picha zote. Ile waliyoitaka ilikuwa imewekwa chini ya jina Meli. Pilsun ndiye aliyeichagua, akizipitia moja moja kutafuta isiyokunjika, na ndiye aliyekataa mdogo wake asiilipie. "Ya mama hiyo," alisema. "Mkubwa ni mimi."

Tambiko lilifanyika Jumatano jioni. Zamani lilingoja usiku wa manane, lakini siku hizi hata marehemu wameelewa kwamba watu wana kazi asubuhi. Giuk, dereva wa basi, mtu mzima mwenye kitambi cha kuheshimika, alivaa koti, akawasha ubani, akamimina pombe ya mchele, akapiga magoti. Alipoinua macho aliona kitu kipya nyuma ya wali, kimeegemezwa kwenye ile karatasi ya jina.

"Mama," alinong'ona, "kwa nini bibi amewekewa meli?"

"Si meli. Inama."

"Imeandikwa Meli. Hapo chini."

"Giuk, inama."

Giuk akainama. Malja naye akainama, magoti yakisema yao, na safari hii alikaa chini muda mrefu kuliko desturi, mpaka Pilsun akamgusa mgongoni kuona kama ni ibada au ni kiuno. Ilikuwa vyote viwili. Mbele ya kadi, mahali pa heshima ambapo haipaswi kuwepo, ilikaa peari nzima, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Pilsun ndiye aliyeihamisha kutoka mstari wa matunda. Mpangilio wa meza, ambao kuna nyumba huko Pusan ambamo ndugu hawasemezani kwa sababu yake, ulivurugika, na hakuna aliyeupanga upya.

Walipomaliza wakala chakula cha marehemu, kama ilivyo ada. Malja akaimenya peari. Kipande cha kwanza, kinene, akamwekea dada yake juu ya wali, kwa mikono miwili.

"Kula," alisema. "Nimechelewa, najua."

Pilsun alikula taratibu, akifumba macho kwa makusudi ili aonekane. Kisha akachukua kile kitovu kilichobaki kwenye sahani, akampitishia mdogo wake.

"Na wewe nyonya mbegu."

Malja alizinyonya zote.

Wiki iliyofuata alirudi peke yake Cheongpo, kwa kuwa treni ni bure na kwa kuwa alitaka kumwona mama bila Pilsun kuongea. Alikaa naye mpaka akatosheka. Alipokuwa anatoka alisimama penye kabati la kioo karibu na mlango, ambalo mara ya kwanza alilipita kwa sababu ya kicheko. Mwanamke aliyebandika soli ujana wake wote hawezi kupita viatu bila kuvitazama, na hivi vilikuwa viatu vya raba vya mwanamume, soli imelika mpaka kitambaa. Akainama asome kibandiko cha Jumba, kilichochapwa vizuri, kwa herufi ambazo hata mzee huziona. Kilisema kwamba viatu hivi ni vya Mwalimu Sok Tae-mun, na kwamba ndivyo alivyovaa majira yale ya baridi alipoikimbia vita, akatembea kwa miguu njia nzima kutoka Pyongyang mpaka Pusan.